Debian 12 hadi Debian 13: kwa nini sasisho la kila wiki halikufikishi kwenye toleo jipya

Swali: Msomaji anayetunza seva ya chama cha akiba na mikopo mkoani Morogoro anauliza: "Seva yetu inatumia Debian 12, mfumo endeshi wa Linux, na mfumo wa wanachama umeandikwa kwa lugha ya PHP na hifadhidata ya MariaDB. Kila Jumamosi naendesha apt update na apt upgrade, na nimeiona namba ikipanda kutoka 12.5 hadi 12.11 bila tatizo. Sasa Debian 13 imetoka lakini amri hizo hazinipeleki huko. Je, kuna mahali nimekosea? Nikitaka kupanda, nifanye vilevile ninavyofanya kila Jumamosi? Mwenzangu ananishauri niache kabisa kusasisha, kwa kuwa mfumo unafanya kazi."

Jibu: Hujakosea popote. Amri zako za apt, zana ya Debian ya kusimika na kusasisha programu, zinafanya kazi zilizokusudiwa kufanya, na kutokukupeleka Debian 13 ni sehemu ya kazi hizo. Watu wengi hudhani kwamba sasisho dogo na kupandisha toleo kuu ni jambo moja linalotofautiana kwa ukubwa tu, kama kuongeza maji kidogo au kujaza pipa. Sivyo. Sasisho dogo linatimiza ahadi kwamba hakuna kitu unachokitegemea kitakachobadilika, ilhali kupandisha toleo kuu ni kuivunja ahadi hiyo mara moja, kwa siku unayoichagua mwenyewe, ili uingie katika ahadi nyingine mpya. Ukilishika hilo, majibu ya maswali yako mengine yatakuja yenyewe.

Debian 12, ambayo jina lake ni bookworm, ilitolewa tarehe 10 Juni 2023. Siku hiyo matawi ya programu zake yalifungwa: kerneli (kiini cha mfumo) 6.1, PHP 8.2, MariaDB 10.11, Python 3.11. Tangu hapo dunia imeendelea kutoa PHP 8.3 na 8.4, lakini seva yako haijaletewa hata moja kati ya hizo, wala haitaletewa maadamu iko kwenye bookworm. Inacholetewa ni viraka. Wasimamizi wa Debian huchukua marekebisho ya hitilafu yaliyoandikwa kwa ajili ya toleo jipya la programu, wakayarudisha na kuyashona kwenye toleo la zamani ulilonalo wewe, bila kuleta mabadiliko mengine yaliyofuatana nayo.

Mfano mmoja unalionyesha hilo vizuri. Tarehe 1 Julai 2024 kampuni ya Qualys ilitangaza udhaifu mkubwa katika OpenSSH, programu ya kuingia kwenye seva kutoka mbali, uliosajiliwa kwa namba CVE-2024-6387, ambao ungeweza kumruhusu mtu wa mbali kuingia na mamlaka ya root (msimamizi mkuu wa mashine) bila nenosiri. Waandishi wa OpenSSH waliurekebisha katika toleo la 9.8. Debian 12 ilikuwa na 9.2, na ilibaki na 9.2, lakini kifurushi (programu iliyoandaliwa tayari kusimikwa) kilichotolewa kuziba udhaifu huo kiliitwa 1:9.2p1-2+deb12u3. Tazama mkia wa namba hiyo: deb12u3 maana yake ni sasisho la tatu la kifurushi hicho ndani ya Debian 12. Nimewahi kupokea ripoti ya ukaguzi wa usalama iliyosema kwamba seva fulani ni hatari kwa sababu inaonyesha OpenSSH 9.2, na mkaguzi akataka tuing'oe na kuweka 9.8 kutoka nje ya Debian. Alisoma kichwa cha namba akauacha mkia. Mashine ilikuwa salama tangu siku tuliyoweka kiraka, na kuweka programu ya nje kungeitoa kwenye ulinzi wa Debian kwa upande wa SSH.

Zipo tofauti chache ambazo ni haki uzijue. Firefox na Chromium, kwa mfano, hubadilishwa toleo ndani ya Debian ileile kwa sababu kurudisha viraka vyake nyuma ni kazi isiyobebeka. Kwa seva yako tofauti hizo hazina uzito.

Namba za 12.5, 12.6 hadi 12.11 si matoleo mapya. Ni mikusanyo. Kila baada ya miezi michache Debian hukusanya viraka vya usalama ambavyo tayari vilishatoka, huongeza marekebisho ya hitilafu kubwa zisizo za usalama, na kuutangaza mkusanyo huo kwa namba moja, hasa ili anayesimika mfumo upya asilazimike kupakua rundo la masasisho. Wewe unayesasisha kila Jumamosi unakuwa umeshapata sehemu kubwa ya mkusanyo kabla haujapewa namba. Namba unayoiona inabadilika kwa sababu kifurushi kiitwacho base-files kimeandika namba mpya ndani ya faili /etc/debian_version, basi.

Je, masasisho madogo huwa salama siku zote? Hapana, na sitaki nikufiche. Desemba 2023 mkusanyo wa 12.3 ulikuwa tayari, ikagundulika kwamba kerneli iliyomo, 6.1.64-1, ilikuwa na hitilafu inayoweza kuharibu data kwenye mfumo wa mafaili wa ext4, ambao ndio unaotumika katika seva nyingi za Debian. Tarehe 9 Desemba wasimamizi walitangaza kuisimamisha 12.3, na kesho yake wakatoa 12.4 yenye kerneli iliyorekebishwa. Kwa hiyo namba 12.3 haikutolewa rasmi. Ninaposoma habari hiyo naona mambo mawili kwa pamoja: kwamba bakapu ni lazima hata kwa sasisho dogo, na kwamba hitilafu ilionekana haraka na kurekebishwa ndani ya siku chache kwa sababu watu wengi walikuwa macho.

Ushauri wa mwenzako naukataa moja kwa moja. Mfumo unaofanya kazi leo huku OpenSSH yake ikiwa na mlango wazi ni mfumo unaofanya kazi kwa mmiliki na kwa mwizi pia, na seva yenye akiba za wanachama si mahali pa kujaribia bahati. Endelea na Jumamosi zako, ila ongeza jambo moja ambalo hukulitaja. Kifurushi kikishabadilishwa kwenye diski, programu ambayo ilikuwa tayari inaendeshwa bado imeshika maktaba ya zamani kwenye kumbukumbu ya mashine (RAM). Ukisasisha OpenSSL, maktaba ya usimbaji, na usiwashe upya Apache, programu inayotoa kurasa za wavuti, Apache inaendelea kutumia OpenSSL ile yenye tundu. Simika needrestart, ambayo itakueleza huduma zipi bado zimeshika mafaili ya zamani. Kerneli nayo haibadiliki mpaka uiwashe upya mashine yenyewe. Nimekuta seva iliyosasishwa kwa uaminifu kila wiki kwa miaka miwili ikiwa bado inaendeshwa na kerneli ya siku ya kwanza, kwa sababu aliyeitunza aliona fahari kutoizima.

Kabla sijaingia kwenye kupanda, nikuonye kuhusu namba za distro (aina za Linux) nyingine, maana kila moja ina mazoea yake. Katika Ubuntu namba ni mwaka na mwezi: kutoka 24.04 kwenda 24.10 kunaonekana kama hatua ndogo, kumbe ni kupandisha toleo zima, ilhali 24.04.1 ni mkusanyo kama ule wa 12.5. Aliye kwenye toleo la muda mrefu la Ubuntu haalikwi kupanda kwenda toleo la muda mrefu linalofuata mpaka hilo jipya lifikishe .1 yake, na huo ni utaratibu wa busara. Red Hat Enterprise Linux (RHEL) hutoa toleo dogo takribani kila miezi sita, na matoleo madogo yake hubeba mambo mapya zaidi kuliko ya Debian, ingawa kerneli ya RHEL 9 imebaki 5.14 kwa namba kuanzia 9.0. Kupanda toleo kuu huko kuna zana yake, Leapp. Fedora hutoa toleo kila miezi sita na kulitunza kwa takribani miezi kumi na mitatu. Arch haina matoleo kabisa, kila kitu hutiririka, na kusasisha nusu nusu huko ndiko kunakovunja mashine.

Sasa tuje kwenye Debian 13, yaani trixie, iliyotolewa tarehe 9 Agosti 2025. Apt haikupeleki huko kwa sababu ndani ya /etc/apt/sources.list, au katika mafaili ya saraka ya sources.list.d iliyo kando yake, limeandikwa jina bookworm. Apt huangalia ghala la programu lenye jina hilo na si kwingineko. Hata apt full-upgrade, ambayo jina lake la zamani dist-upgrade huwadanganya wengi, haibadilishi toleo. Tofauti yake na upgrade ni kwamba inaruhusiwa kuondoa vifurushi pale ambapo kuondoa ndiyo njia pekee ya kukamilisha. Kagua mafaili hayo mapema: ukikuta neno stable mahali pa bookworm, libadilishe. Neno stable huhama. Siku trixie ilipotolewa, stable iliacha kuwa bookworm ikawa trixie, na aliyeliandika hilo kwenye seva yake alijikuta akianza kupanda toleo kuu Jumamosi asubuhi akidhani anafanya usafi wa wiki.

Ukipanda, kerneli itakwenda 6.12, PHP itakwenda 8.4, MariaDB 11.8, Python 3.13. Kwa seva yako mawili ndiyo ya kukukosesha usingizi, MariaDB na PHP.

Maelezo rasmi ya trixie yanaonya kwamba MariaDB hupanda kwa uhakika tu ikiwa ilizimwa vizuri kabla. Umeme ukikatika ghafla MariaDB 10.11 ikiwa inaandika, ukarabati wa majeraha yake lazima ufanywe na 10.11 yenyewe, kwani 11.8 haijui kusoma kumbukumbu za ukarabati (logi) za tawi la zamani. Kwa nchi zetu onyo hilo si la kinadharia. Kabla ya kupanda, ihakikishe hifadhidata inawaka na kuzimika kwa amani: systemctl stop mariadb, soma logi zake, iwashe, uthibitishe mfumo unafanya kazi. Kisha chukua nakala kwa mariadb-dump, uipeleke kwenye mashine nyingine, na uirejeshe huko. Nakala ambayo haijawahi kurejeshwa popote siiiti bakapu.

PHP ina mtego wa kimyakimya. Debian huweka kila tawi la PHP kwenye saraka yake, kwa hiyo mipangilio uliyoibadilisha ndani ya /etc/php/8.2 haihamii /etc/php/8.4. Kama uliongeza ukubwa wa mafaili yanayopakiwa ili wanachama watume picha za vitambulisho, kikomo kitarudi megabaiti 2. Zaidi ya hapo, ikiwa moduli ya 8.2 tayari imewashwa ndani ya Apache, ile ya 8.4 haitajiwasha yenyewe. Utaona mstari mmoja tu ukipita kwenye skrini ukisema hivyo, kati ya mamia ya mistari. Matokeo yake ni seva inayoonekana kuwa ya trixie huku ikiendeshwa na PHP 8.2 isiyopata tena viraka. Dawa ni a2dismod php8.2, kisha a2enmod php8.4, kisha kuiwasha upya Apache.

Halafu kuna msimbo wenyewe. Nilipopandisha seva ya ofisi moja kutoka Debian 11 kwenda 12, PHP ilitoka 7.4 ikaenda 8.2. Nilimaliza usiku, nikafungua ukurasa wa kuingia, ukafunguka, nikaenda kulala nikiwa nimeridhika. Asubuhi mhasibu alipobofya orodha ya mishahara alipata ukurasa mweupe. Logi za Apache zilisema kwamba each() haijulikani: kitendaji hicho kilikuwa kimeondolewa tangu PHP 8.0, na mfumo ule ulikitumia katika mafaili zaidi ya ishirini. Tulikaa hadi alasiri tukibadilisha mstari kwa mstari. Kosa lilikuwa langu, kwa sababu nilijaribu ukurasa mmoja badala ya kazi za siku nzima. Kati ya 8.2 na 8.4 mabadiliko si makali kiasi hicho, lakini kiendelezi cha IMAP (cha kusoma barua pepe), kwa mfano, kimetolewa nje ya PHP yenyewe katika 8.4. Kagua msimbo wako, au mwombe aliyeuandika, kabla ya siku ya kazi.

Yapo mengine ya kuangalia. Katika trixie saraka ya /tmp huwekwa kwenye kumbukumbu ya mashine (RAM), siyo kwenye diski, nayo yaweza kuchukua hadi nusu ya kumbukumbu hiyo. Skripti inayoandika bakapu ya hifadhidata kwanza /tmp kisha kuinakili kwingine itaisonga seva ndogo, basi ielekeze pengine. Faili la /etc/sysctl.conf, lenye mipangilio ya kerneli, halisomwi tena. Mipangilio yake ihamishie /etc/sysctl.d. Funguo za SSH za aina ya DSA hazikubaliwi tena. Na kompyuta za biti 32 hazina njia ya kupanda: dpkg --print-architecture ikikujibu i386, kaa bookworm huku ukitafuta mashine nyingine au kusimika upya kwa biti 64.

Utaratibu wa siku yenyewe ni huu. Maliza masasisho yote ya bookworm kwanza. Angalia apt-mark showhold kuona kama kuna kifurushi kilichozuiwa kisisasishwe, na uzime maghala ya nje yasiyo ya Debian, kwa sababu hayo ndiyo chanzo cha mikwamo mingi niliyowahi kuitwa kuitatua. Kama /boot ina sehemu yake kwenye diski, hakikisha ina takribani megabaiti 300 zilizo wazi. Fungua kikao ndani ya tmux au screen, ili mtandao ukikatika kazi isikatike nao. Badilisha bookworm kuwa trixie kila mahali, pamoja na kwenye mistari ya security na updates. Endesha apt update, kisha apt full-upgrade --download-only, ambayo itapakua kila kitu bila kugusa chochote. Hapo bando likiisha au mtandao ukizubaa hupotezi kitu. Ndipo uendeshe apt upgrade --without-new-pkgs, na baada yake apt full-upgrade. Kabla ya kukubali hii ya mwisho, soma orodha ya vifurushi vitakavyoondolewa, jina kwa jina. Ukiona mariadb-server humo bila mrithi wake, simama.

Katikati ya safari skrini itasimama na kukuuliza. Kwa mfano, itasema kwamba /etc/mysql/mariadb.conf.d/50-server.cnf ilibadilishwa tangu kusimikwa, na kwamba msambazaji ameleta faili jipya. Y unachukua jipya, N unabaki na lako, D unaonyeshwa tofauti. Usibonyeze kwa haraka. Bonyeza D, uone mistari uliyoiongeza wewe na ile iliyobadilishwa nao. Ukichagua N, jambo ambalo ndilo chaguo la kawaida, lako linabaki na jipya linahifadhiwa kando yake likiwa na mkia .dpkg-dist; ukichagua Y, la kwako linahifadhiwa kwa mkia .dpkg-old. Mimi kwa kawaida huchagua N usiku ule, kisha asubuhi hulinganisha mawili hayo kwa utulivu. Faili la SSH nalo huuliza, kwa kisanduku chenye orodha, na hapo nasisitiza zaidi: ukilipoteza lako, unaweza kujifungia nje ya seva iliyo mbali.

Umeme ukikatika katikati, usikimbilie kusimika upya. Mashine ikiwaka, endesha dpkg --configure -a, kisha apt --fix-broken install, kisha endelea na full-upgrade. Mara nyingi inaendelea ilipoishia. Hata hivyo seva isiyo na UPS yenye dakika za kutosha siipandishi, kwa sababu Debian haina njia rasmi ya kurudi kutoka 13 kwenda 12. Kurudi ni kurejesha bakapu, au, kama seva ni mashine pepe, kurudisha taswira (snapshot) uliyoipiga kabla.

Kuhusu wakati, huna sababu ya kukimbia wala ya kulala. Bookworm inatunzwa na kikosi cha usalama hadi tarehe 10 Juni 2026, kisha na kikosi cha utunzaji wa muda mrefu hadi tarehe 30 Juni 2028. Usingoje hadi mwisho wa muda huo, kwani Debian haikubali kuruka toleo: atakayetaka kutoka 12 kwenda 14 atalazimika kupitia 13, na hapo kazi inakuwa mara mbili kwa usiku uleule. Kwa chama chako ningechagua wiki ya pili ya mwezi, mbali na makato ya mishahara na mbali na kufunga hesabu, baada ya kuwa umeifanya safari nzima mara moja kwenye mashine ya majaribio yenye nakala ya data halisi. Jaribio hilo ndilo litakaloonyesha kama kazi yako inachukua saa moja au nne, na hutalazimika kuwaahidi wanachama kwa kukisia.

Ukishawasha upya na kuiona kerneli ya 6.12, mketishe mtu wa kaunta afanye kazi za siku nzima: kuandikisha mwanachama, kupokea akiba, kutoa mkopo, kuchapa taarifa. Wewe huku ukitazama logi za Apache na za MariaDB. Vifurushi vilivyobaki bila ghala utavipata kwa apt list '~o', na utaviona vya PHP 8.2 vikiwa humo. Viache kwa wiki mbili hivi, kisha uviondoe kwa apt purge '~o' baada ya kuisoma orodha. Jumamosi inayofuata, apt update na apt upgrade kama ulivyozoea.